Kabla ya Kuinua Fimbo: Wanyama wa Porini Ndani ya Bustani za Goma



Nilipoalikwa kuzungumzia wanyama wa porini niliweka sharti moja: leo tusiongee habari za gorila. Hapa Goma ukitaja mnyama tu, mazungumzo yanapanda mlimani. Tunajua kwamba Hifadhi ya Virunga ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, kwamba UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979, na kwamba walinzi zaidi ya 200 wamepoteza maisha wakiilinda. Hayo yana watu wake wa kuyasema, na wanayasema vizuri. Lakini mama wa mtaa wa Ndosho anayeamka alfajiri kuchuma lengalenga hatakutana na gorila. Atakutana na kinyonga kwenye ua, mjusi juu ya jiwe, popo wakiingia chini ya bati, bundi kwenye nguzo ya umeme, pengine nyoka. Hao nao ni wanyama wa porini. Wanauawa kila siku bila kesi wala mlinzi, na mara nyingi aliyewaua hajui amemuua nani.

Hoja yangu ni kwamba huruma bila ujuzi haifiki mbali. Mtu wa Goma si katili kuliko mtu wa mji mwingine. Anaua kwa kuwa hamjui aliye mbele yake, hajui anakula nini, wala alifuata nini pale. Akijua, fimbo hushuka yenyewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maneno yangu leo ni ya kutambua. Ya kutenda yatakuwa machache kuliko mnavyotarajia, maana ukishamtambua mnyama, kazi inayobaki mara nyingi ni kumwacha.

Tuanze na ardhi, kwa sababu bustani ya Goma si kama ya Butembo wala ya Bukavu. Tunalima juu ya moto uliopoa. Volkano ya Nyiragongo iko chini ya kilomita 20 kutoka katikati ya mji. Ilimwaga lava tarehe 10 Januari 1977, ikarudia tarehe 17 Januari 2002 na kuupasua mji hadi ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 lava ikaja kusimama pembeni mwa mji, upande wa Buhene. Baada ya kila mlipuko uhai ulirudi kwa foleni ileile: kwanza ukoga wa kijivu unaoifanya lava changa ionekane kama imemwagiwa majivu, halafu kangaga, halafu nyasi na vichaka, kisha wadudu, na nyuma yao wala wadudu. Mwenye paseli, yaani kiwanja, anayeleta udongo kwa lori ili apande maua anaifupisha safari hiyo. Ndani ya udongo ule amepakia minyoo, mayai ya mijusi, na pengine chura mzima ambaye hakulipa nauli.

Angalia pia ukuta wako. Jiwe la volkano lina vitundu, linakunywa jua mchana kutwa na kulitoa polepole usiku, na fundi wa kwetu akilipanga huacha nyufa. Tulijenga kuta hizo kuzuia wezi, kumbe tumewajengea mijusi hoteli. Tena mji huu hauna kijito: mvua ikinyesha inazama kwenye lava na kwenda zake. Kwa hiyo beseni ulilosahau nje, tanki linalovuja, sahani ya maji ya kuku, vyote ni visima kwa viumbe wa mtaa mzima. Mnyama hakufuati wewe. Anafuata chakula, maji na maficho, na vyote vitatu umemwekea.

Unamtambuaje, sasa? Wengi hutazama rangi kwanza, na rangi ndiyo inayodanganya zaidi. Tazama saa aliyoonekana, mahali alipokuwa, namna anavyotembea, na alichoacha: mavi, manyoya, magamba, shimo, mabaki ya chakula. Na muulize zamu. Nasema hivyo bila utani. Mlinzi wa usiku anayekaa macho langoni kwako anajua wanyama wa paseli hiyo kuliko mwenye hati ya paseli. Anajua ni saa ngapi popo wanatoka na ni upande gani wa ukuta panya wanapita, lakini hakuna anayemuuliza.

Nitoe mfano mmoja wa mabaki. Asubuhi unakuta mjusi mdogo, au panzi, amechomwa kwenye mwiba wa seng'enge juu ya ukuta wako, amekauka. Mtu mwenye hofu ataona mkono wa adui hapo, na jirani ambaye hana habari ataanza kutazamwa vibaya. Mwenye kosa ni mbwigu, ndege mweusi mgongoni na mweupe tumboni, mwenye mkia mrefu na mdomo uliopinda nchani, anayekaa wazi juu ya waya akitazama chini. Miguu yake haina nguvu ya kushika nyama kama mwewe, kwa hiyo huitundika kwenye mwiba ili aichane, na nyingine huiacha hapo kama akiba. Sisi tuliweka seng'enge, naye akapata stoo. Ukishajua hilo, unapanga upya fikra zako kuhusu jirani, na unapata mlinzi wa bure wa mchicha wako dhidi ya panzi.

Jina nalo linaweza kuponza. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja, na habari hiyo ilisambaa kwenye simu hadi huku kwetu. Baadhi ya vijana wakaichukulia kuwa ruhusa ya kuchukua manati. Lakini kunguru wanaosumbua Mombasa, Malindi na Zanzibar ni wageni kutoka Bara Hindi, wenye shingo ya kijivu, walioletwa pwani katika karne ya 19 na kuwaharibia ndege wenyeji. Kunguru wa Goma ana kifua cheupe na shingo nyeupe, ni mwenyeji wa Afrika, na anatusaidia kuondoa mizoga na uchafu ambao sisi wenyewe tumeshindwa kuuondoa, hata baada ya salongo, kazi yetu ya pamoja ya usafi. Wanaitwa jina moja, lakini hukumu ya yule haimhusu huyu.

Sasa kinyonga. Watu wengi wa kwetu wanamwogopa kuliko nyoka. Wapo wasiothubutu kumwita kwa jina, na wapo wanaompiga mawe wakiwa mbali. Ukweli ni kwamba hana sumu, hana mwiba, na meno yake hayawezi kukufanyia kitu. Katika bustani za Kivu anayeonekana zaidi ni mdogo, wa kijani au kahawia, mwenye mistari ubavuni, na jike lake halitagi mayai: huzaa watoto walio hai, wembamba kama njiti. Milimani kuna mwingine mkubwa, ambaye dume lake lina pembe tatu usoni na jike lake hutaga. Anayetaka kujua kama anao, atoke usiku na tochi. Kinyonga hulala kwenye ncha ya tawi jembamba, rangi imepauka, na mwanga ukimpiga anaonekana mara moja. Fanya hivyo usiku mmoja kabla ya kukata ua. Ukimwona, kata tawi lake taratibu na ulisogeze kwenye kichaka kingine ndani ya paseli ileile. Usimpeleke Rutshuru kwa gari ukidhani umemrudisha kwao. Kwao ni pale ulipomkuta, hapo ndipo anapojua jua linaangukia wapi na inzi wanapita wapi.

Nafika kwa nyoka, na naona mmekaa sawasawa.

Niondoe kwanza kanuni moja iliyozoeleka, kwamba nyoka mwenye kichwa cha pembetatu ndiye mwenye sumu na mwenye kichwa chembamba hana. Kanuni hiyo imeua watu na nyoka pia. Swila, ambaye sumu yake inaweza kuua, hana kichwa cha pembetatu. Na wapo nyoka wasio na sumu ambao wakiogopa hutanua taya hadi kichwa kifanane na cha kifutu. Nyoka wa nyumba, asiye na sumu kabisa, anafaa kujulikana na kila kaya ya Goma: ni wa kahawia, ana ngozi laini inayong'aa, ana mistari miwili ya rangi hafifu kila upande wa kichwa, mmoja ukipita kwenye jicho, na hutembea usiku. Anachotafuta kwako ni panya. Humnyonga kwa kumzungushia mwili, kisha humla. Katika matundu ya ukuta wa mawe anaingia mahali ambapo paka wako hawezi.

Wa kijani ni wagumu zaidi. Kuna wale wembamba, wenye jicho kubwa na mboni ya duara, wanaokimbia mchana kwenye majani wakiwinda vyura na mijusi. Wengi wa hao hawana madhara. Lakini milima ya kwetu ina kifutu wa vichakani, wa kijani chenye mabaka meusi, mwenye magamba yaliyosimama kama ngozi kavu na kichwa kipana, anayekaa kimya kwenye matete na vichaka vinene. Kwa macho ya mtu aliyeshtuka, wote wawili ni nyoka wa kijani. Kwa hiyo simshauri mtu yeyote akaribie ili ahakikishe. Simama mita kadhaa mbali, piga picha kwa simu, ikuze picha hiyo ukiwa umeshaondoka pale. Kumtambua si lazima kufanyike akiwa mbele ya miguu yako.

Akiwa bustanini, ondoa watoto na mbwa, mwachie njia, na umtazame anakokwenda. Nyoka wengi wanaoonekana mchana wako njiani kupita, na nusu saa baadaye hawapo. Akiwa ndani ya chumba, funga mlango wa ndani na uzibe uwazi wa chini kwa nguo, acha wazi ule wa kutokea nje, na utoke wewe. Watu wengi huumwa wanapojaribu kumuua au kumshika. Nikiwa mkweli, siwezi kumwambia mama aliyemkuta swila kwenye kitanda cha mtoto kwamba asimguse kamwe. Namwambia amtoe mtoto, afunge mlango, aite mtu anayejua kazi hiyo. Kama hakuna mtu kama huyo mtaani kwake, basi mtaa mzima una kasoro ya kurekebisha kabla ya siku hiyo kufika.

Na mtu akiumwa? Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa. Makadirio yake ni kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Wengi ni wakulima, wachungaji na watoto, watu kama wetu. Katika Kivu nzima utakuta nyumba yenye jiwe jeusi kwenye kabati, lile linalotengenezwa kwa mfupa wa ng'ombe uliochomwa, ambalo wamisionari walilisambaza na bibi zetu wakaliamini. Jiwe hilo linaganda kwenye jeraha kwa sababu mfupa uliochomwa unanyonya unyevu. Sumu haliitoi. Hasara yake kubwa ni saa ambazo mgonjwa amekaa akilisubiri lidondoke. Vivyo hivyo na kuchanja, kunyonya kwa mdomo, na kufunga mguu kwa kamba hadi uwe mweusi. Mlaze mgonjwa, mvue pete na viatu, funga kiungo kilichoumwa kwenye ubao ili kisicheze, kisha hospitali, kwa pikipiki ikibidi, akiwa amekaa katikati ya watu wawili. Swila akimtemea mtu machoni, ni maji mengi safi, papo hapo. Na ufanye jambo hili wiki hii, ukiwa mzima: uliza hospitali iliyo karibu nawe kama ina dawa ya sumu ya nyoka, na kama haina, ni ipi inayo. Swali hilo ni gumu kuuliza usiku wa manane.

Nitapita haraka kwa vyura, maana hawana maadui wengi humu ndani. Chura wa ngozi ya mabonge anayekaa chini ya tanki anakula wadudu usiku kucha. Ana utomvu mchungu mgongoni ambao mbwa akimtafuna atatoa mate mengi. Nawa mikono ukimgusa, basi.

Popo wanahitaji muda zaidi, kwa kuwa kwao tumechanganya hofu ya kweli na hofu ya bure. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikathibitishwa hapa Goma katikati ya Julai 2019, na ilipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Mtu aliyepita hapo hawezi kumwona popo kwa macho ya zamani. Wataalamu wanawashuku popo wala matunda kuhusu Ebola, na kuhusu Marburg ushahidi umeshapatikana kwa popo wa mapangoni. Kwa hiyo shauri la kwanza la wengi ni kuwamaliza.

Sikilizeni yaliyotokea kwa majirani. Magharibi mwa Uganda kuna mgodi wa Kitaka. Mwaka 2007 wachimbaji waliugua Marburg humo, na watafiti wakakuta virusi hai katika popo wa mgodi ule. Baadaye watu wa mgodi wakawaangamiza popo, maelfu kwa maelfu, wakaziba mashimo. Mwaka 2012 Marburg ikalipuka tena katika eneo hilo. Watafiti waliporudi walikuta popo wapya wamehamia kwenye mgodi uliofunguliwa upya, wachache kuliko wa zamani, lakini kiwango cha maambukizi kati yao kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha kwanza. Huenda sababu ni kwamba popo wazee wenye kinga walikuwa wameondolewa, nafasi ikajazwa na vijana wasio na kinga. Kuua hakukuwapa watu wa Kitaka usalama. Kuliwaongezea hatari.

Popo wanaoishi chini ya bati lako kwa kawaida ni wale wadogo wala wadudu. Usiwaguse kwa mkono mtupu, usiokote aliyeanguka, na mtoto akiumwa au kukwaruzwa osha kwa sabuni na maji dakika 15, kisha mpeleke hospitali kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Kama harufu imekuzidi, wahamishe kwa akili. Kaa nje jioni mbili tatu uone wanatokea tundu gani. Wakubwa wakishatoka, sikiliza: ukisikia vilio vyembamba juu, kuna watoto wasioruka bado, subiri wiki kadhaa. Vilio vikiisha, tundika mbele ya tundu kipande cha wavu laini kilichofungwa juu na kuachwa wazi chini. Wakitoka watateleza kwa chini, wakirudi hawatajua kuingia. Acha hivyo siku nne tano, ndipo uzibe. Ukiziba kabla, utawafungia ndani, na harufu uliyokuwa ukiilalamikia utaitamani.

Bundi hana bahati. Akilia juu ya nyumba, watu wanahesabu wagonjwa wa familia. Yule anayekaa mijini kwetu, mwenye uso mweupe uliochongwa kama moyo, hata halii kama bundi wa hadithi. Anapiga ukelele wa kukwaruza, na nakubali kwamba saa nane za usiku unasisimua mwili. Lakini fuata chini ya mahali anapolala, kwenye dari la kanisa au jengo lisilokamilika, utaokota vidonge vya kijivu vyenye ukubwa wa kidole gumba. Vivunje kwa kijiti: ni manyoya na mifupa ya panya, mafuvu mazima yenye meno ya njano. Bundi hawezi kuyeyusha mifupa, kwa hiyo huitapika, na kila kidonge ni risiti ya usiku mmoja wa kazi. Walimu wa biolojia walioko hapa, hakuna somo la bei rahisi kuliko hilo.

Na huyu ndiye tunayemuua mara mbili: kwa jiwe na kwa sumu. Sumu ya panya inayouzwa sokoni kwa vipakiti haina macho. Nyingi zinamfanya panya avuje damu kwa ndani siku kadhaa kabla ya kufa, na katika siku hizo anatembea polepole, mchana, akiwa windo rahisi kwa bundi, nyoka wa nyumba, paka wa jirani na kuku wanaodonoa chochote. Ukiweka sumu, umewaondoa pia wale waliokuwa wakimla panya, na panya huzaa upesi kuliko wote hao. Gundi nayo ni mbaya zaidi: inashika mjusi, ndege na kinyonga, na mnyama anakufa polepole kwa kiu. Kama lazima umuue panya, tumia mtego wa kubana unaoua papo hapo, uuweke ndani ya boksi lenye tundu dogo ukutani ambako ndege hafiki, na uukague kila asubuhi. Kabla ya mtego, hata hivyo, funika pipa la taka, weka mahindi na maharage kwenye chombo cha bati, na usiache chakula cha kuku kilale nje. Bila hivyo mtego ni mchezo usioisha.

Panya si wote maadui. Yule mkubwa mno, mwenye mkia ambao nusu yake ya nchani ni nyeupe, ni panya buku. Ndugu zake wanafunzwa na shirika la APOPO huko Morogoro, Tanzania, kunusa mabomu yaliyofukiwa na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Cambodia. Nalisema hili kwa sababu nyingine pia: baada ya mapigano ya Januari 2025 kuna vyuma visivyolipuka vilivyobaki katika viwanja na bustani za mji huu. Usichokonoe shimo usilolijua kwa jembe ukitafuta panya. Panya buku mwenyewe angekunyima ruhusa.

Kuna kifo kingine bustanini ambacho mtu wa Goma tu ndiye anayeweza kukisoma. Mnakijua wakaaji wa Himbi, Kyeshero, Mugunga na Bulengo. Unaamka, unakuta kwenye bonde dogo la lava mijusi miwili, shomoro, pengine na nyoka, wote wamekufa, hakuna jeraha. Hakuna aliyewatilia sumu. Ni mazuku: hewa ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka chini ya volkano, nzito kuliko hewa ya kawaida, isiyo na rangi, inayojikusanya mashimoni usiku upepo unapotulia na kutawanyika jua linapopanda. Mbuzi wamekufa hivyo, na watu pia, wengine wakiwa wameshuka kumwokoa mbuzi. Hapa huruma inabidi ijizuie. Ukiona mnyama amelala shimoni bado anapumua, usishuke, hata kama ni mbwa wako. Zungushia shimo mawe na alama, waonye majirani wenye watoto, na wajulishe watu wa kituo cha uchunguzi wa volkano, OVG. Ninyi mnaofanya utafiti, chukueni daftari mwandike mahali, tarehe na aina ya wanyama waliokutwa: mijusi iliyokufa inaweza kutuonyesha mpaka wa mazuku katika mtaa kabla mtoto hajauonyesha.

Nimebakiza wanyama ambao hawakuingia bustanini kwa miguu yao. Katika miji ya ukanda huu, Goma na, hadi miaka ya karibuni, ng'ambo ya mpaka, korongo taji, ambaye wasema Kinyarwanda humwita umusambi, amekuwa pambo la majani ya hoteli na nyumba za wenye uwezo. Mwenye nyumba anampenda kweli, anamwita kwa jina. Lakini ndege yule alichukuliwa kifaranga kwenye kinamasi, bawa lake likakatwa, na akiwa kifungoni mara nyingi hazai. Tangu 2012 ameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka, na kupenda kwetu kumechangia. Hali ni ileile kwa kasuku wa kijivu, ambaye biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku katika mkutano wa mwaka 2016 wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe wa porini, na kwa tumbili aliyefungwa mnyororo chini ya mti wa avoka. Sheria ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa maumbile inalinda viumbe hawa, ila sheria haijawahi kumlisha tumbili.

Rwanda walishughulikia jambo hili kwa namna inayofaa kuigwa. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana alianza kampeni mwaka 2014 ya kuwaomba wenye korongo wawaandikishe, bila kushtakiwa. Ndege walipimwa mmoja mmoja. Wenye afya walipelekwa Hifadhi ya Akagera wakajifunze tena kuruka na kutafuta chakula. Wale ambao bawa liliharibiwa kabisa walipewa makao Umusambi Village, jijini Kigali. Kwetu, tumbili na sokwe walionyang'anywa wafanyabiashara wana kituo cha Lwiro, Kivu Kusini, kilichoanzishwa mwaka 2002. Siri ya kazi ya Rwanda ilikuwa kutomwogopesha mwenye ndege, maana akiogopa atamficha au atamchinja.

Kwa hiyo, wewe mwenye korongo nyumbani, na najua mpo humu, usimpakie kwenye gari leo jioni ukamwache ukingoni mwa ziwa. Kwa mnyama huyu kumwacha si huruma, atakufa kwa mbwa au kwa njaa. Anza kwa kutokata bawa tena. Mwite daktari wa mifugo aangalie kama yalikatwa manyoya tu, ambayo yataota upya, au kiungo chenyewe, ambacho hakiponi. Mpe nafasi ya nyasi ambamo anaweza kupiga mguu na kuchokoa wadudu, maji mapana ya kusimama, na mahali palipozungushiwa wavu usiku. Usimnunulie mwenzake, kwa sababu akinunuliwa mmoja mwingine anakamatwa. Na kama ni kiungo kilichokatwa, jiandae: ndege huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 20, hivyo mwonyeshe mwanao tangu sasa namna ya kumtunza na daktari wa kumwita, maana huenda yeye ndiye atakayemaliza naye miaka hiyo.